Kabla Hujanunua Sindano ya Joto

Tarehe 1 Desemba Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kuanzia Kashikishi hadi Puta nyavu huanikwa, na macho ya watu huhama ziwani yakaelekea kwenye banda la mbuzi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba bandani hamna cha kuuza: majike matano, mwenye mimba mmoja, na kitoto kimoja kinachokohoa. Basi swali huwa ni lilelile, awe anauliza mwenyeji wa Nchelenge au ndugu aliyevuka kutoka upande wa Pweto, Kongo, na sasa ana shamba lake Mantapala: sindano ya kuwatia mbuzi joto inapatikana wapi?

Sindano hizo zipo, na nitazieleza mwishoni. Nimezisukuma huko kwa makusudi. Uzazi wa mbuzi, nguruwe, ng'ombe na kuku huanzia kichwani, na kichwa hicho husoma mambo ambayo wewe mfugaji unayashika kila siku bila kulipa hata ngwee moja: chakula, harufu ya dume, mtoto anayenyonya, hofu, mwanga. Ubongo ukiwa umeshaamua kwamba wakati haujafika, sindano inaweza kumtia jike joto leo na mimba isikae, au ikae na mama akose maziwa.

Kinachotokea kichwani

Chini ya ubongo wa kila mnyama unayemfuga kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndani yake zimetawanyika seli za neva zisizozidi elfu chache, zinazotoa homoni ambayo chupa za dawa huiandika GnRH. Hapa nitaiita homoni kiamshi. Haimwagiki mfululizo, hutoka kwa midundo. Kila mdundo ukifika kwenye tezi ya pituitari, iliyoning'inia hapo chini, tezi nayo huachia homoni zinazoshuka kwa damu kwenda kukuza mayai ya jike na mbegu za dume. Midundo ikiachana mno, ovari hulala. Ikikaribiana, yai hukua, estrojeni hupanda, na jike huanza kutikisa mkia na kulia usiku kucha.

Homoni hiyo ilijulikana umbo lake mwaka 1971. Roger Guillemin na Andrew Schally, waliokuwa wakishindana vikali huko Marekani, walikusanya kutoka machinjioni mamia ya maelfu ya vipande vya ubongo wa kondoo na nguruwe, wakavisaga na kuvichuja kwa miaka mingi ili wapate chembe ndogo tu ya kitu chenye viungo 10 vya amino asidi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Ni vizuri kulikumbuka hili pale mtu anapodhani kuwa sayansi ya ubongo haimhusu mfuga nguruwe.

Sasa, homoni ikishaingia kwenye damu hupita kila mahali, kwato mpaka pembe. Hufanya kazi pale tu penye kipokezi chake, yaani protini iliyoumbwa kuinasa hiyo na si nyingine. Wavu wa macho makubwa haushiki chisense, wale dagaa wa ziwa letu, hata kama ziwa limejaa chisense, na seli isiyo na kipokezi haiisikii homoni hata damu ikiwa imejaa homoni hiyo. Kwa hiyo swali la mfugaji lisiishie kwenye homoni ngapi. Aulize pia nani anaipokea, wapi, na kwa wakati gani.

Kwa muda mrefu wataalamu walitatizwa na jambo moja. Estrojeni ndiyo inayoupa ubongo habari kwamba yai limekomaa, lakini seli za homoni kiamshi hazina kile kipokezi kikuu cha estrojeni ambacho kingepaswa kuipokea habari hiyo. Zinajuaje? Jibu lilitoka mlango wa nyuma. Mwaka 1996 watafiti wa saratani nchini Marekani waligundua jeni ya protini ambayo sasa huitwa kisspeptini. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba watu waliozaliwa bila kipokezi kizima cha kisspeptini hawabalehe. Tangu hapo kondoo, mbuzi, nguruwe na ng'ombe wamechunguzwa, na picha ni hii: seli za kisspeptini zina vipokezi vya estrojeni, na seli za homoni kiamshi zina vipokezi vya kisspeptini. Moja husikia, huambia nyingine. Wajapani waliweka nyaya nyembamba karibu na seli hizo kwenye ubongo wa mbuzi wa aina ya Shiba, wakaona kila zinapowaka kwa pamoja, mdundo wa homoni hufuata kwenye damu.

Seli hizo za kisspeptini hupata habari, moja kwa moja au kupitia seli jirani, kuhusu shibe, kunyonyesha, harufu na woga. Ndizo unazozungumza nazo kila unapofungua banda, ujue usijue.

Anza na mgongo wa jike

Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, na vipokezi vyake vimejaa kwenye haipothalamasi. Mnyama akikonda, leptini hushuka na midundo ya homoni kiamshi hupungua. Jike wa namna hiyo usimwite tasa. Ubongo wake umepiga hesabu ya mimba ya miezi 5 pamoja na maziwa ya miezi 3, ukaona hailipiki, na mara nyingi hesabu hiyo ni sahihi kuliko ya mwenye mbuzi.

Usimpime kwa macho, manyoya hudanganya. Weka kiganja mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, kisha bonyeza pembeni mwa uti wa mgongo. Wataalamu hutumia kipimo cha 1 mpaka 5. Mifupa ikichoma vidole na nyama haipo, huyo ni 1. Ukiibonyeza mifupa na kuikuta imefunikwa nyama, unaisikia lakini haikuchomi, huyo ni 3. Usipoipata kabisa, ni 5, na huyo naye hashiki mimba vizuri. Unamtaka awe 2.5 mpaka 3 siku ya kupandwa.

Aliye chini ya hapo mwongezee chakula wiki 2 au 3 kabla ya kumpeleka kwa beberu, na uendelee wiki 2 au 3 baadaye. Nyongeza hiyo huongeza mayai yanayopevuka, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mapacha. Pwani ya Mweru hukosi vya kumpa: majani ya viazi vitamu, majani ya karanga baada ya kuvuna, pumba za mahindi, lusina kama umeipanda kwenye mpaka. Maganda na majani ya muhogo ni chakula kizuri, lakini yanyaushwe juani kwanza, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi. Maji na chumvi viwepo. Minyoo itibiwe kabla ya kuanza lishe hiyo, la sivyo utakuwa unailisha minyoo.

Kwa jike mchanga kuna jambo la ziada. Ubongo wake kabla ya kubalehe ni mwepesi mno wa kuisikia estrojeni: kiasi kidogo tu hutosha kuzima midundo. Anavyokua, wepesi huo hupungua, na midundo hufunguka. Mbuzi wetu wengi hufika hapo wakiwa na miezi 5 mpaka 7, bado wadogo. Kuingia joto si ruhusa. Msubirishe mpaka afike theluthi mbili ya uzito wa mama yake. Na vitoto vya kiume vitenge vikifika miezi 3 au 4, kwa maana vinaweza kuwapanda dada zao na mama zao kabla hujashtuka.

Mwezi gani?

Vitabu vingi vya mbuzi vimeandikwa Ulaya, na huko mbuzi huingia joto siku zinapofupika. Gizani ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, vipokezi vyake vilivyo kwenye shina la pituitari hupima urefu wa usiku, na mnyama hujua majira. Nchelenge iko takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba hapa ni kama saa moja tu. Mbuzi wa kienyeji hawaijali. Wanaweza kushika mimba mwezi wowote tumbo likiruhusu. Ukinunua mbuzi wa aina ya Saanen au Boer kutoka mbali anaweza kuwa na mabaki ya tabia ile, basi mvumilie mwaka wa kwanza.

Kwa kuwa ubongo wa mbuzi wako haukuchagulii mwezi, chagua wewe. Wengi huwaachia majike na beberu mwaka mzima, na vitoto huzaliwa Januari kwenye matope, vikapata nimonia na minyoo. Mimi napendelea kupandisha Aprili na Mei. Mvua inaisha, majike wameshiba majani ya miezi mitano, migongo imejaa. Anayepandwa tarehe 20 Aprili huzaa karibu na tarehe 17 Septemba, kwa sababu mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Na Septemba miti ya miombo huwa inachipua majani mapya hata kabla ya mvua, kwa hiyo mama hupata maziwa. Mvua za Novemba zinapoanza, kitoto kina miezi 2 na kifua kimekomaa. Mwaka unaofuata, ziwa likifungwa Desemba, una mnyama wa miezi 15 wa kupeleka sokoni.

Harufu ya beberu

Mbuzi dume ananuka, na watu humtania. Watafiti wa Japani walichukua harufu hiyo kwa uzito. Mwaka 2014 walitangaza kwamba kwenye manyoya ya kichwa cha beberu wamepata kitu kiitwacho 4-etilioktanali, chenye harufu inayokaribia ya machungwa, ambacho jike akikinusa seli zile za midundo kwenye ubongo wake huwaka papo hapo. Beberu aliyehasiwa hana. Hewani kitu hicho hubadilika kuwa ule uvundo tunaoujua.

Namna ya kuitumia ni hii. Mtoe beberu kabisa kwa wiki 3 au 4, mbali kiasi kwamba majike hawamwoni, hawamsikii wala hawamnusi. Banda la jirani kilomita moja kutoka kwako linafaa. Kumfunga nyuma ya nyumba hakufai. Kisha mrudishe ghafla na umwache usiku na mchana. Majike ambao ovari zao zilikuwa zimelala wataanza kuingia joto ndani ya siku 10 za mwanzo, wengi kwa pamoja. Usishangae jike aliyepandwa siku ya 3 akirudi kutaka dume siku ya 8 au ya 9. Mzunguko wa kwanza baada ya kuamshwa hivi mara nyingi ni mfupi. Usimchinje, usimnunulie dawa. Ule wa pili ndio unaoshika. Baada ya hapo mzunguko hurudi kuwa siku 21.

Mbinu hii ina nguvu zaidi kwa majike waliolala. Wale ambao tayari wanazunguka vizuri hawatabadilika sana.

Dalili za joto kwa mbuzi unazijua: mkia haukai, mlio, uke kuvimba na kuwa mwekundu, ute, kupanda wenzake. Hudumu saa 24 mpaka 48. Mpandishe saa 12 baada ya kuona dalili na urudie kesho yake. Beberu mzima hutosha majike 20 au 25. Kijana mpe 10 tu. Beberu aliyepata homa, au aliyeshinda juani Oktoba bila kivuli, anaweza kupanda kwa bidii na asitie mimba kwa karibu miezi 2, maana mbegu mpya huchukua muda huo kutengenezwa. Unapoazimana beberu na jirani, kumbuka pia kwamba ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, husafiri naye na humpata hata binadamu. Jike akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu.

Nguruwe

Kwa nguruwe, harufu ndiyo kipimo. Mate yenye povu ya dume yana androstenoni. Jike aliye kwenye joto akiinusa na ukamkandamiza mgongo kwa viganja viwili, hukaa imara kama aliyepigiliwa misumari, masikio yamesimama. Akikimbia, bado. Bila harufu ya dume, majike wengi walio tayari hawasimami, na mfugaji husema nguruwe wake hapati joto. Jaribio lifanye asubuhi na jioni, dume akiwa upande wa pili wa uzio, pua kwa pua.

Habari nzuri zaidi kwa mfuga nguruwe iko kwenye chuchu. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari mpaka haipothalamasi, hapo ubongo hutoa vitu vya jamii ya afyuni vinavyokaba midundo. Ndiyo sababu nguruwe anayenyonyesha karibu kamwe haingii joto. Watenge watoto wote kwa siku moja, wakiwa na wiki 5 mpaka 8, na mama aliye na afya huingia joto siku ya 4 mpaka ya 7. Ni moja ya mambo machache katika ufugaji ambayo unaweza kuyaandika kwenye kalenda kabla hayajatokea. Ukiwaachisha mmoja mmoja, unalipoteza. Anaposimama mara ya kwanza ngoja kama saa 12, mpandishe, kisha urudie baada ya saa 12 nyingine. Mimba ni siku 114: miezi 3, wiki 3 na siku 3.

Mama aliyekondeana kwa kunyonyesha watoto 10 hataifuata kalenda hiyo. Mlishe vizuri tangu anapozaa. Vumbi la chisense linalobaki kwenye mikeka ya kuanikia ni protini ya bei ndogo. Changanya kidogo na pumba na muhogo mkavu.

Kuna wafugaji wanaofuta povu la dume kwa kitambaa na kulitundika kwenye banda la jike. Kwa dume wako mwenyewe, sawa. Usilete kitambaa, wala dume, kutoka kijiji kingine bila kujua hali ya afya huko. Homa ya nguruwe ya Afrika hupita kwa mate, damu, viatu na mabaki ya nyama. Haina tiba, nasi hatuna chanjo ya kuitegemea. Ikiingia utapoteza banda zima kwa ajili ya povu.

Ng'ombe ni wachache pwani hii, nitapita haraka. Chuchu hufanya kazi kwao pia, na zaidi ya chuchu: ng'ombe hukabwa hata na kumwona na kumtambua ndama wake mwenyewe anayenyonya. Ndama akishafika mwezi mmoja, mwachie anyonye asubuhi na jioni tu, na mama atarudi kwenye joto mapema. Joto la ng'ombe wetu wenye nundu ni fupi, pengine saa 10, na mara nyingi ni la usiku. Aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni. Na ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, usimweke kwa ajili ya uzazi: zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa, kwa kuwa damu ya dume ilimpitia tumboni na kuharibu viungo vyake.

Hofu

Mnyama aliyefungwa kwenye baiskeli kutoka Kawambwa, au aliyevushwa kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa, amejaa kortisoli. Homoni hiyo, pamoja na zile za ubongo zinazoiita, hushusha midundo na inaweza kuzuia wimbi la homoni linaloliachilia yai. Usimpandishe siku anayofika. Mpe wiki 2 za utulivu. Usimkimbize jike bandani ili umkamate kwa beberu. Mpeleke asubuhi kukiwa na baridi, mbwa wakiwa mbali, watoto wakiwa shule.

Saa ya kwanza baada ya kuzaa

Hapa ndipo utaona vipokezi vya ubongo vikifanya kazi mbele ya macho yako. Siku za mwisho za mimba estrojeni huongeza vipokezi vya homoni iitwayo oksitosini kwenye ubongo. Mtoto anapopita njia ya uzazi, shinikizo lile huufanya ubongo wenyewe uachie oksitosini, na mama aliyekuwa hana habari na vitoto ghafla anaramba na kunong'ona. Uingereza, mwaka 1987, Keith Kendrick na Barry Keverne walidunga oksitosini ndani ya ubongo wa kondoo ambao hawakuwa na mimba, waliotayarishwa kwa estrojeni, nao wakaanza kulea watoto wasio wao.

Mlango huo hufunguka kwa muda mfupi. Mbuzi humjua mtoto wake kwa harufu ndani ya dakika chache. Ukimchukua kitoto kumwosha au kumwonyesha wageni, ukamrudisha baada ya saa kadhaa, unaweza kukuta mama anampiga pembe. Kwa hiyo waache. Safisha pua ya kitoto kama imeziba, paka kitovu dawa ya ayodini, ondoka.

Ukiwa na yatima na jike mwingine anayezaa siku hiyohiyo, chukua maji ya uzazi ya huyo jike na umpake yatima mwili mzima, umweke puani pake kabla hajasimama. Ukichelewa mpaka kesho, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi.

Oksitosini ya chupa haifanyi kazi hiyo. Ikidungwa msulini huenda kwenye damu, na haipenyi vya kutosha kuingia kwenye ubongo. Itakachokipata ni vipokezi vya mfuko wa uzazi na vya kiwele. Haitamfundisha mama aliyekataa mtoto. Ikidungwa wakati mtoto amekaa vibaya au mlango wa uzazi haujafunguka, inaweza kuupasua mfuko wa uzazi. Sijui kwa nini inauzwa kirahisi namna ile sokoni.

Kuku

Kuku huona mwanga kwa macho na huona kwa ubongo. Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kwa bata, miaka ya 1930, kwamba mwanga unaopenya fuvu huamsha uzazi hata macho yasipohusika. Kwa kuku wa mayai wa kisasa, mchana wetu wa saa 12 haujitoshelezi. Taa ya sola kuanzia saa 10 alfajiri huwafikisha saa 14. Usiwawashie vifaranga wanaokua taa hiyo. Ngoja wakaribie kutaga.

Kuku wa kienyeji shida yake ni nyingine. Akishataga mayai 12 hivi, ngozi ya kifua chake inayoyagusa mayai hupeleka habari kwenye ubongo, homoni ya prolaktini hupanda, kutaga hukoma, naye huatamia siku 21 kisha analea miezi 2. Ukitaka vifaranga, mwache. Hakuna mashine inayomshinda. Ukitaka mayai, mtoe kwenye kiota siku ya kwanza anapokataa kuondoka. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya fito, hewa ipite chini ya kifua, bila kiota, akiwa na maji na chakula, siku 3 au 4. Prolaktini itashuka. Kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji au kumfunga mguu ni mateso yasiyohitajika. Mbinu ya katikati: waatamishe kuku watatu siku moja, kisha vifaranga wote wape mmoja, na wawili warudi kutaga.

Sasa sindano

Homoni kiamshi ya chupa na prostaglandini ni dawa halali, na zina kazi yake: kuwapanga majike wengi waingie joto siku moja, hasa kama kuna mtaalamu wa uhimilishaji anayekuja mara moja tu. Mambo manne uyajue kabla ya kumwita afisa mifugo.

Prostaglandini huyeyusha tezi ya projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, kwenye ovari. Jike ambaye ovari zake zimelala hana tezi hiyo, basi hakuna cha kuyeyusha, hela imepotea. Dawa hii haimwamshi aliyekonda.

Jike mwenye mimba akidungwa prostaglandini atatupa mimba, mbuzi hasa, mwezi wowote ule. Kama beberu amekuwa akizurura na majike, hujui nani ana mimba, na hupaswi kumdunga yeyote.

Kuongeza dozi ya homoni kiamshi hakuleti mimba zaidi. Mwaka 1978, huko Pittsburgh, kundi la Ernst Knobil lilionyesha kwa kima kwamba homoni hiyo ikitolewa kwa midundo tezi ya pituitari huitikia, na ikimiminwa mfululizo vipokezi hunyamaza. Mnyama aliyemiminiwa yuko karibu na aliyehasiwa kuliko aliyetibiwa.

La mwisho ni lako wewe na watu wa nyumbani mwako. Prostaglandini hupenya ngozi ya binadamu. Mama mjamzito asiishike chupa wala sindano yake, na mwenye pumu vilevile. Vaa glavu, ikimwagika osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, na chupa tupu isigeuzwe kuwa ya kuwekea mafuta ya kula. Muulize afisa siku ngapi zipite kabla nyama au maziwa ya mnyama huyo hayajaliwa, andika tarehe kwenye daftari lilelile ulilomwandikia jike siku ya kupandwa, na udai kuiona chupa yenyewe: jina, tarehe ya mwisho, usajili wa ZAMRA, mamlaka ya dawa ya Zambia. Asiyekubali kukuonyesha chupa, mwambie arudi nayo.